Kofia ya Meno

Mwenye ugonjwa huu huwa wa mwisho kuujua. Wa kwanza ni yule anayelala naye chumba kimoja. Mimi niliambiwa na mke wangu Mwantumu, ambaye kwa jina la binti yetu wa kwanza namwita Mama Hadija, asubuhi moja ya vuli tukichambua mbegu mlangoni. Alisema nikilala nasaga meno. Nilicheka, nikamwambia labda ni panya. Akanijibu kwamba panya anawajua, na huyu hakuwa panya.

Ninaandika haya kwa sababu tangu nipate nafuu wamekuja kwangu watu kadhaa wameshika shavu, wengine kutoka vijiji vya mbali vya Handeni, kuuliza kama ni kweli nilitengenezewa kitu cha kuvaa mdomoni. Nimewaeleza mmoja mmoja. Lakini wako pia wanaoona haya kuuliza, maana ni ugonjwa unaochekwa, basi hao nao wasome. Mambo ya kitabibu siyajui na sitajifanya kuyajua. Ninayoyajua ni yaliyonipata.

Mimi ni Bakari, mkulima, na pia mwadhini wa msikiti wa kijiji chetu. Wakati yanaanza tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia. Watu wa juu, ndiko kwetu, na watu wa bondeni tuliletwa pamoja kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari, kila mtu akawa na jirani asiyemchagua. Kila upande ulikuja na majamvi yake ya kuswalia, imamu wake na mwadhini wake, na msikiti ukajengwa mmoja. Maimamu walielewana upesi, kwa kuwa wa bondeni alikuwa mzee sana na alitaka kupumzika. Kwa mwadhini ndiko kulikokuwa na kazi.

Bondeni walikuwa na Mzee Salehe, aliyeadhini tangu mimi sijaoa. Siku ya kuchagua, yeye aliambiwa aadhini adhuhuri na mimi alasiri, na wazee wachache wakaenda kusimama mwisho wa kijiji wasikilize. Sauti yangu ilifika. Yake, yenye mkwaruzo, iliishia kwenye migunga. Nikachaguliwa mimi. Mzee Salehe alikunja jamvi lake akahamia safu ya nyuma, karibu na mlango, na tangu siku ile nikimpa shikamoo aliitikia akitazama pembeni.

Sitasema kwamba hayo ndiyo yaliyonitia ugonjwa. Mwaka ule kila mtu alikuwa na lake. Mvua zilikuwa haba, tulikula mahindi ya njano ya msaada, na shamba jipya nililopewa lilikuwa na visiki vingi kuliko udongo. Ila nakumbuka kwamba nilikuwa nikilima, nikitembea, hata nikisikiliza watu wakiongea, meno yangu yamekazana kama mtu anayebeba gogo.

Kwanza ilikuwa kichwa. Niliamka kila siku kimebana pembeni, juu ya masikio, na mashavu yamechoka kana kwamba nimetafuna miwa usiku kucha. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alinisikia kutoka chumba cha pili. Akaniuliza mbele ya wanangu: "Unasaga nini, Bakari, na mahindi yamekwisha?" Watoto walicheka siku nzima, na neno hilo likazunguka mtaani.

Kwetu mtu akisaga meno usingizini husemwa ana minyoo. Nikapewa dawa ya minyoo zahanati, na Mama akaongeza mizizi yake ya kuchemsha, michungu hata kuitazama. Minyoo ilitoka. Kusaga kukabaki.

Masika ilipoanza maumivu yalishuka kwenye gego la chini, upande wa kulia. Niliamini jino limeoza. Siku ya gulio nikamwendea mtu mmoja aliyekuwa akitoa meno, aliyekalisha watu juu ya sanduku la sabuni. Alikuwa na nguvu, hilo sikatai. Jino likatoka zima, jeupe, halina hata tundu. Alilitazama, akalipangusa, akaniwekea kiganjani. Nikarudi nyumbani na kitambaa kinywani na jino zima mfukoni, na baada ya kidonda kupona maumivu yakawa yaleyale, yamehamia tu kwa jirani yake.

Wakati huo Mama Hadija alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa tatu. Mtoto akilala, mimi nasaga. Nikinyamaza, mtoto anaamka. Siku moja nilimkuta anahamisha mkeka wake kwenda chumbani kwa Mama. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alijua ninachofikiri.

"Baba Hadija, sijakuchoka," alisema. "Nataka kulala tu."

Nilimwambia alale. Lakini nyumba za kijiji kipya zilikaribiana, na jambo la namna hiyo halifichiki. Haikupita muda dada zangu wakawa wanakuja kuniuliza tumegombana nini. Nikisema hatujagombana, wanatazamana. Mwantumu naye alikuwa akiulizwa kisimani. Hakuniambia alivyokuwa akiulizwa, nilijua tu kwa alivyokuwa akitua ndoo.

Kisha ikaja alfajiri ambayo watu wanaikumbuka mpaka leo. Nilisimama nje ya msikiti, nikaweka vidole masikioni kama ilivyo desturi, na chini ya vidole nikalisikia taya likikwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Nilianza vizuri. Nilipofika penye kuwaita watu kwenye swala, pale panapotaka kinywa kifunguke sawasawa, upande wa kulia ulitoa mlio, taya likakwama. Sikuweza kulifungua zaidi ya upana wa ncha ya kidole. Sauti iliyotoka ilipitia puani. Nilijaribu tena, nikapata maumivu yaliyonitoa machozi.

Mzee Salehe alikuwa ndani, kwenye nafasi yake karibu na mlango. Alitoka, akanitazama, akaniweka kando kwa mkono, akaianza adhana upya tangu mwanzo. Aliimaliza yote kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. Kisha akarudi ndani.

Kuanzia siku ile akawa anaadhini yeye, na kijiji kikawa na maneno. Watu wa juu walisema nimefungwa kinywa. Hawakutaja jina, halikuwa na haja ya kutajwa. Aliyelishikilia zaidi neno hilo ni mjomba wangu Athumani, mdogo wake Mama, mtu mwenye mapenzi makubwa na asiyeweza kukaa kimya. Alikuja jioni akaniambia kwamba mtu hawezi kutoka upesi namna ile kumaliza adhana ya mwenzake kama hakuwa amejiandaa. Nilitaka kumwambia ugonjwa ulianza muda mrefu nyuma, tangu vuli, na kwamba jino langu lilikuwa limeshang'olewa bure kabla ya alfajiri ile. Lakini nilikuwa siwezi kusema maneno marefu. Nilitikisa kichwa. Yeye akaona nimekubali kwa uchungu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Maumivu nilikuwa nimeshayazoea kidogo. Ila tulikuwa watu wa pande mbili tuliowekwa pamoja juzi, tunachota maji kisima kimoja, na neno kama lile likishasimama katikati ya watu haliondoki kwa urahisi. Na mtu pekee ambaye angeweza kulikanusha, kinywa chake hakifunguki.

Mganga wa zahanati alinitazama, akakiri kwamba yeye hapo amefika mwisho, akaniandikia niende hospitali Korogwe. Tulikwenda na Mama Hadija, mtoto mgongoni. Njia ilikuwa ya tope na basi lilitushusha mara mbili tulisukume. Tulipofika penye mashamba ya mkonge nikasikia ile harufu ya makapi yake, nikajua tumekaribia. Tulifikia Manundu, hapo hapo Korogwe, kwa Rehema, dada yake Mwantumu, anayepika maandazi ya kuuza. Shemeji yule Mungu amlipe. Alinitazama mara moja tu, hakuuliza maswali, akaweka sufuria ya uji wa mchele na tui la nazi. Nilikuwa nimekonda mpaka kanzu inanining'inia. Nyumbani nilikuwa nikiishi kwa mlenda na ugali uliolegezwa kama uji. Pale Manundu nilinywa bakuli mbili, taratibu, kwa kijiko cha mtoto, nikalala mchana kama mtu aliyetoka safari ya mwezi.

Kuhusu benchi la kungojea la wagonjwa wa meno niseme kidogo, kwa sababu atakayekwenda atakutana nalo. Kila anayekaa pale anasikia kinachotokea ndani. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Magoma, shavu limevimba, kafungwa kanga kuanzia kidevuni mpaka utosini. Hakuweza kuongea, nami siwezi. Tulisalimiana kwa macho na kwa viganja. Akanionyesha upande wake, nikamwonyesha wangu. Akainua vidole kuonyesha miezi, nikainua vyangu vikazidi, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Upande wa pili alikuwapo mkata mkonge aliyeongea kwa niaba yetu sote, alieleza jino lake, la baba yake, na la ng'ombe wa mkwewe. Sikumbuki kama nimewahi kukaa na watu walionifariji namna ile. Kwa mara ya kwanza tangu vuli sikuwa peke yangu.

Daktari wa meno alikuwa Bwana Eliya, Msambaa, mtu mfupi mwenye mikono ya joto. Niliingia nikamwonyesha gego la pili, lile lililokuwa likiuma sasa. Nilitaka alitoe. Aliligonga kwa chuma chake kidogo, akalitazama kwa kioo, akaketi.

"Jino hili ni zima," alisema. "Nikilitoa utarudi na la tatu, na la nne, mpaka ubaki na fizi."

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliniuliza pale nilipokuwa nimekaa kwenye benchi, meno yangu ya juu na ya chini yalikuwa yamegusana au yameachana. Nilifikiri, nikaona yamegusana. Hata pale mbele yake yalikuwa yamegusana, tena yamebanana. Akaniambia meno ya mtu hayatakiwi kugusana ila anapokula. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi upumzike. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu na sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu, akabonyeza, nikaruka. Akamwita Mama Hadija aguse, aone msuli ulivyo mgumu. Mke wangu aliweka mkono wake shavuni kwangu, mbele ya mtu asiyemjua, akauacha pale kwa muda. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ni kama jiwe. Alikuwa amenisikia usiku kwa miezi yote ile, lakini nadhani siku hiyo ndipo alipoona kwamba nami nilikuwa naumia.

Bwana Eliya alijaza nta laini kwenye kibati chenye umbo la taya, akaniingizia kinywani kwa shida, maana hakikufunguka vizuri, akangoja igande. Baadaye alimwagia plasta ndani ya lile umbo, na kabla hatujaondoka akatuonyesha. Meno yangu yalikuwa mezani, meupe, kama ya mtu mwingine. Magego yalikuwa bapa, yamelika kama meno ya mbuzi mzee. Alisema atayapeleka Tanga kwa mafundi wanaotengeneza meno ya bandia, nao watanitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa ninapolala. Nitaendelea kusaga, alisema, huenda miaka mingi, lakini nitasaga plastiki.

Wakati wa kungoja alinipa masharti. Kitambaa cha maji ya moto shavuni asubuhi na jioni. Kufungua kinywa polepole mbele ya kioo, bila kukilazimisha. Nisitafune miwa, bisi wala mahindi ya kuchoma. Na mswaki wa mti, ambao nilikuwa nao mdomoni kutwa nzima shambani kama wanaume wengi wa kwetu, nipigie meno kisha niutoe. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nililima wiki nzima sijui kinywa changu nikiweke wapi.

Tulirudi Korogwe tulipokwisha kupalilia. Kifuniko kilikuwa tayari, kitu kidogo, cheupe kama barafu iliyochafuka, kimekunjwa kwa mfano wa taya. Bwana Eliya alikivalisha kwenye meno ya juu, akanifanya niume karatasi ya rangi, akakitoa, akakisugua, akakirudisha, hivyo hivyo mpaka meno yangu ya chini yakakikuta kote kwa pamoja. Shemeji Rehema alipokiona jioni alisema ni kofia ya meno. Jina likakaa. Hata Bwana Eliya baadaye alilitumia.

Siwezi kukudanganya kwamba mwanzo ni mzuri. Usiku wa kwanza niliona nimelala na kokoto kubwa kinywani. Mate yalijaa mpaka mto ukalowa. Mara mbili nilitaka kutapika. Asubuhi nilikikuta kiko chini ya mkeka, nilikitoa mwenyewe usingizini. Nilikiosha kwa maji ya baridi, maana ya moto hukipinda, nikakiweka kwenye bilauri kama nilivyoambiwa, na usiku uliofuata nikakivaa tena. Ndugu msomaji, kama utakata tamaa utakata hapo. Usikate. Kwangu ilichukua mpaka mahindi yalipoanza kutoa mbelewele ndipo nikaamka asubuhi kimo mdomoni na sikukumbuka kwamba nimekivaa.

Asubuhi nyingine, sijui ilikuwa ya ngapi, niliamka nikamkuta Mama Hadija na mtoto wamelala kando yangu. Mkeka wake alikuwa ameurudisha bila kuniambia. Nilikaa pale bila kujisogeza. Kulipopambazuka akaniambia kwamba sauti imebaki, lakini ni ndogo, kama ng'ombe anayecheua zizini, na kwamba hiyo anaweza kulala nayo. Mama yangu aliposikia akasema sasa angalau ni ng'ombe, tumepata mali.

Kinywa kilifunguka kidogo kidogo. Kwanza kidole kimoja kikaingia, baadaye viwili. Ugali ukarudi kuwa ugali. Lakini nilipokuwa napona mimi, neno la kijiji lilikuwa linakomaa. Mjomba Athumani alikuwa amewakusanya watu wa juu wachache, wakakubaliana kwamba baada ya swala ya Ijumaa Mzee Salehe atakiwe kula kiapo mbele ya imamu kwamba hakunifunga. Nililipata hilo siku niliyorudi kutoka Korogwe kuonyesha kofia, mke wangu ndiye aliyenipokea kwenye basi akaniambia njiani.

Kule hospitali Bwana Eliya alikuwa ameiinua kofia kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imejaa mikwaruzo na mashimo, na upande wa kulia imekaribia kutoboka. Aliniambia niitazame vizuri, kwani alama zote zile zingekuwa kwenye meno yangu. Alinichukua umbo jipya kwa ajili ya kofia nyingine. Ile ya zamani nilikuwa naendelea kuivaa, nayo nilikwenda nayo msikitini Ijumaa ile, imefungwa kwenye leso.

Swala ilipokwisha Mjomba alisimama. Kabla hajaanza nikasimama mimi pia, nikaomba ruhusa kwa imamu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele ya watu tangu taya likwame, na sauti yangu ilikuwa haijatulia. Nilifungua leso. Nilimpa kofia Mzee Salehe kwanza, mkononi, mbele ya wote.

"Mzee, hizi ni alama za meno yangu mwenyewe," nilisema. "Nazitia nikiwa nimelala. Hakuna mtu aliyenifunga. Nimejifunga mimi, na sijui ninavyofanya."

Aliigeuza kofia, akaisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye mashimo. Kisha akampa wa kando yake, yule akampa mwingine, ikazunguka msikiti mzima, watu wa juu na wa bondeni, kila mtu akiitazama na kugusa meno yake kwa ulimi. Mzee mmoja aliuliza kama inauma. Mwingine akasema mkewe naye anasaga, je, za wanawake zipo. Ilipomfikia Mjomba Athumani alikuwa bado amesimama. Aliishika muda mrefu. Halafu akaketi, akasema tu kwamba plastiki ya siku hizi ni ngumu kweli.

Nje, tulipokuwa tunavaa viatu, Mzee Salehe alinisubiri.

"Siku ile nilitoka kwa sababu adhana haiachwi nusu," aliniambia. "Ningetoka hata kama ingekuwa ya adui yangu."

"Mimi si adui yako, Mzee."

"Najua," alisema. "Lakini hatukuwa tumeambiana."

Tulitembea pamoja mpaka nyumbani kwake. Nilimwambia jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria tangu Korogwe. Taya langu ni gumu zaidi asubuhi, kabla sijalipasha moto, na Bwana Eliya alisema huenda likabaki hivyo. Nilimwomba alfajiri iwe yake, moja kwa moja, na mimi nichukue zilizobaki. Aliniuliza kama namwonea huruma. Nikamwambia ninaomba msaada. Akasema basi, lakini nisije nikamwamsha kwa kumkumbusha, yeye huamka mwenyewe.

Ramadhani ilipofika nilimwuliza imamu kuhusu kofia, maana mchana wa mfungo nilikuwa nalala kidogo nikitoka shamba na hapo pia nilisaga. Alicheka sana. Alisema ikiwa hailiwi na haimezwi basi hainifunguzi, ila mate yake nisiyafanye mchuzi. Siku moja baada ya usingizi huo wa mchana nilikurupuka, nikaona alasiri imeingia, nikakimbia kuadhini na kofia mdomoni. Yaliyotoka hayakuwa Kiarabu wala Kizigua. Watoto wa kijiji wanayaiga mpaka leo.

Sasa ninayovaa ni kofia ya tatu. Kusaga hakujaisha, na nimeacha kungoja kuishe. Siku nikiwa na wasiwasi wa mvua au wa mtoto mgonjwa, asubuhi taya linanieleza. Nalipasha moto, nakula laini siku hiyo, yanapita. Nilichopoteza ni jino moja zima na mahindi ya kuchoma, ambayo Mama Hadija hunikatia punje kwa kisu nikizitamani sana. Kama una ugonjwa huu, usikimbilie kung'oa. Muulize anayelala karibu nawe anasikia nini. Na kama wewe ndiye unayesikia, mwambie mapema, hata kama atacheka.

Masika hii Mzee Salehe aliugua homa. Jioni alimtuma mjukuu wake kuniambia kwamba alfajiri haitawezekana. Nilipoamka, Mwantumu alikuwa ameshatia moto jikoni na maji yanachemka. Alinikandia shavu mwenyewe, upande huu na upande ule, mpaka nikaweza kupiga miayo. Nikaenda nikasimama nje ya msikiti nikaadhini alfajiri kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Haikuwa kama zamani. Mahali pawili niliifupisha sauti kwa kuogopa. Lakini niliifikisha mwisho.

Baada ya swala nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa amelala chali, blanketi mpaka kidevuni, macho yamemwiva kwa homa. Nilimpa shikamoo, akaitikia akinitazama.

"Nimekusikia," alisema. "Umechelewa."

Nilicheka mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni. Mzee Salehe alingoja nimalize, kisha akaniambia nikitoka nisifunge mlango, na kwamba kesho ataita mwenyewe.

Hakuweza kesho yake, wala keshokutwa. Siku iliyofuata hiyo nilikuwa nimeamka, nimekaa kitandani na kitambaa cha moto shavuni, najiandaa kutoka, nikaisikia sauti yake ya mkwaruzo inaanza kutoka upande wa msikiti, dhaifu kidogo lakini imenyooka. Mama Hadija aliuliza kwa usingizi kama ni mimi. Nikamwambia hapana, ni mwenyewe. Akajifunika, nami nikainuka taratibu kwenda kutawadha.